Mifupa ya Dété

Simulizi ya Mama Kelly, sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha pale fundi wangu Mzee Nduwimana alipokanyaga kiki ya kuwashia, pikipiki yangu Dété ikakohoa moshi wa buluu, kisha ikanyamaza. Tangu hapo kila ninakopita sokoni mnaniuliza: Mama Kelly, iliwaka au haikuwaka?

Iliwaka, ndugu zangu. Na laiti isingewaka.

Kwa anayenikuta leo tu, jina langu ni Sabine, ingawa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hakuna anayelitumia. Mume wangu Lwaboshi, baba wa binti yangu Kelly, alikufa kwa kifua mwaka jana. Kabla hajafa yeye, ilikuwa imekufa pikipiki yake, Dété kuukuu ya porini, yenye miguu mirefu kama mbuzi, aliyoinunua kwenye mnada wa wamisionari wakati tukiishi bado Area 18 mjini Lilongwe, kabla amri ya serikali haijaturudisha wakimbizi wote kambini.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo wake ulikaa kugawa vitu, kama ilivyo desturi yetu watu wa Fizi, kule Kongo. Shemeji yangu Ezechiel, mdogo wa marehemu, alibeba redio, makoti, godoro, hata mkanda wa suruali. Alipofika kwenye Dété, iliyokuwa imebaki fremu na injini yenye kutu, aliipiga teke akacheka.

"Hii mifupa mubakishie mujane."

Watu wakacheka naye. Mimi nikaikokota mifupa yangu nikaiingiza ndani.

Jinsi nilivyoifufua mmekwisha kusoma. Kabureta niliipata kwa kushona sare za kwaya nzima. Shokapu ya nyuma ilitoka kwa mlinzi wa ghala moja kule Kanengo, nami nikamshonea mkewe nguo za chitenje. Pistoni ya mtumba Mzee Nduwimana aliichimbua kwenye vyuma chakavu vya kule Biwi, akaisugua kwa msasa mpaka ikakubali. Kiti nilikishona mwenyewe kwa turubai, na Kelly akatia herufi L kwa uzi mwekundu, herufi ya baba yake.

Vilivyonishinda niliviacha. Kofia ngumu ya marehemu ilikuwa na kifungo kilichokatika chini ya kidevu, nikasema kwanza injini, kifungo baadaye.

Na ile pampu.

Hapa naomba mnivumilie, maana kila kitu kimelala hapa. Pikipiki zote za kabaza, bodaboda za hapa, mnazoziona kambini zinakunywa petroli tupu, ile tunayoiita esansi, oili yake inakaa chini peke yake. Dété si hivyo. Oili yake inaungua pamoja na petroli, na kuna pampu ndogo pembeni ya injini inayoichanganya. Ya kwetu ilikuwa imekufa.

"Mama Kelly," Mzee Nduwimana aliniambia, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko, "mupya hatutaipata hata tukiuza kambi yote. Tuikate. Oili utachanganya we mwenyewe, kwa mukono, kila mara ukitia esansi."

"Na nikisahau, Mzee?"

"Usisahau. Siku utatia esansi tupu, pistoni itakauka, itakamatana na silinda. Na ikikamata kwa mbio, tairi ya nyuma inasimama palepale. Muntu anaruka kama jiwe."

Mzee huyu ni Mrundi wa kule Makamba, hatanii juu ya injini. Nikanunua chupa ya oili nikaiweka mezani, kando ya cherehani yangu, nisiisahau.

Sasa tuendelee.

Baada ya kukohoa na kunyamaza, Mzee alifungua plagi, akaipuliza, akairudisha. Akakanyaga tena. Dété ikanguruma.

Sijui niwaelezeeje sauti ile. Ni kali, ya juu, si kama hizi kabaza za kichina zinazokoroma barabarani. Jirani wakatoka. Kelly akaruka akanishika shingo. Mimi nililia, na sikuona haya.

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mama mkwe wangu.

Mama Rosalie anaishi na mimi tangu mwanawe afe. Macho yake yana utando, anaona vivuli tu. Alikuja akipapasa ukuta, kitenge kimemwanguka bega moja.

"Lwaboshi amefika? Sabine, Lwaboshi amerudi?"

Mzee Nduwimana akazima injini haraka.

Mama akafika, akaweka kiganja juu ya tangi. Akakiacha pale muda mrefu. Kisha akasema taratibu, kama mtu aliyeamka:

"Ah. Njo pikipiki tu, si yeye."

Usiku ule hakula. Nami nikaona nimemfanyia ubaya bila kukusudia, lakini moyoni nilikuwa na furaha yangu ya pembeni. Nilikwisha jifunza kuendesha. Ningebeba nguo zangu mwenyewe kwenda vijijini, ningerudi jua halijazama, nisiombe mtu.

Furaha ya maskini haina maisha marefu. Habari zilimfikia Ezechiel huko Nathenje anakouza karanga, na Jumamosi asubuhi akaja, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Wamevaa mashati ya kanisani. Nikajua hawakuja kunijulia hali.

Niliwapa viti. Niliwapa chai. Ezechiel hakuigusa.

"Shemeji, tumekuja kuchukua kitu ya ukoo."

"Kitu gani?"

"Dété."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Mashemeji hutaniana.

"Si ulisema ni mifupa?"

"Mifupa ya nani? Ya kaka yangu. Tulikubakishia uichunge, hatukukupa. Siku ile ulipokea kwa mikono mbele ya bantu? Nani alikuambia pokea?"

Hapo alinikamata. Kwetu, kitu cha marehemu hakiwi chako mpaka mkubwa wa ukoo akiweke katika mikono yako miwili, nawe umepiga magoti, na watu wanaona. Dété hakuna aliyeiweka mikononi mwangu. Nilisukumiwa kwa teke, na kwa teke mtu hapigi magoti.

"Wazee wangu," nikasema, "hii pikipiki ilikuwa haina hata waya. Kila chuma mnachokiona hapo nimekishonea nguo ya mtu. Ezechiel alikuwa wapi?"

"Umekipata chuma, lakini fremu ni ya nani?" akauliza Ezechiel. "Injini ni ya nani? Ukipaka nyumba ya muntu rangi, nyumba inakuwa yako?"

Mzee mmoja akakohoa. "Tusigombane. Mama ya marehemu yuko hapa. Neno yake njo ya mwisho."

Moyo wangu ukatulia. Mama Rosalie! Mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ndiye ninayemtafunia nyama ngumu. Alikuwapo siku ya teke, alisikia kila kitu. Nilimgeukia nikitabasamu kabisa.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso ameuinamisha.

"Dété ni ya Ezechiel," akasema. "Achukue."

"Mama!"

"Nimesema, Sabine."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi mbele ya watu, na mtu aliyenipiga ni yule niliyemfunika blanketi asubuhi ileile.

Ezechiel hakungoja. Akainuka, akaitoa Dété kivulini, akaitazama huku na huku. Mkono wake ulipita juu ya ile herufi nyekundu, ukasimama kidogo, ukaendelea.

"Ufunguo?"

"Haina ufunguo. Unaunganisha hizi waya mbili."

"Na ile kofia ya kaka?"

Nikaitungua ukutani nikampa. Nikaona tangi, nikakumbuka kwamba petroli iliyobaki ndani ni kidogo, ya kuwashia tu, na kwamba hatavuka soko kabla ya kutia nyingine.

Nikafungua kinywa.

"Shemeji, kuna jambo moja juu ya esansi ya hii pikipiki..."

"Mama Kelly!" Alicheka kilekile kicheko cha siku ya matanga. "We utanifundisha mi pikipiki? Nilianza kuendesha wakati uko unasonga bugali kwa mama yako. Funga kinywa."

Wale wazee wakacheka nao.

Nikafunga.

Ningeweza kusema tena. Sentensi yenyewe ni fupi: changanya oili, usitie esansi tupu. Hata mtoto angeimaliza kabla hajawasha. Lakini niliutazama ule uso wake uliojaa majivuno, nikasema moyoni, nenda. Nenda ukajue. Nilimwona akilini mwangu amekwama katikati ya soko, injini imeganda, anaisukuma kwa jasho na shati lake la kanisani, watu wanamzomea. Nilimwona anarudi kwangu kuniuliza imekuwaje. Hiyo ndiyo picha niliyoitaka, na niliifurahia.

Ya tairi kusimama palepale, ya mtu kuruka kama jiwe, hiyo niliisahau. Au nilijisahaulisha. Mungu ndiye anajua, mimi mwenyewe sijui tena.

Aliwasha. Sauti ya mume wangu ikatoka kwenye uwanja wangu, ikapita kwa jirani, ikapotelea upande wa soko. Wazee wakaaga, wakafuata kwa miguu.

Nilirudi ndani na hasira zangu zote nikamshukia mama mkwe.

"Mama, nimekukosea nini?"

Akageuza uso ukutani.

"Niambie! Nimekunyima chakula? Nimekutukana? Umenivua nguo mbele ya wanaume kwa sababu gani?"

"Kelly yuko wapi?" akauliza.

"Kelly yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Usibadilishe maneno."

"Kelly ni wa nani?"

"Ni wangu! Ni wa nani tena?"

"Basi usililie chuma."

Akanipapasia mkono. Nikauvuta. Akaongea hivyo hivyo, macho yake ya utando yakitazama nilipokuwa sipo.

"Jumapili iliyopita, Dété imekwisha kuwaka, siku ulienda kwa Nduwimana, Ezechiel alikuja hapa. Hakuja kwa mambo ya pikipiki. Alikuja kuchukua Kelly. Alisema mwaka wa maombolezo umeisha, mutoto wa ukoo anarudia kwa ukoo. Alisema we ungali kijana, utaolewa, utamupeleka mutoto wa kaka yake kwa mwanaume mwingine. Na wazee walikuwa wamekubali, Sabine. Walikuwa wamekwisha kubali."

Nilikaa chini.

"Nililia mbele yake, mi mama yake. Nikamwambia, chukua Dété ya kaka yako, utembee nayo, bantu bakuone, lakini uniachie huyu mutoto na mama yake. Akawaza. Akakubali. Ameapa kwa jina ya Lwaboshi kwamba hataongea tena mambo ya Kelly."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Juu we una kichwa ngumu. Ungesema utashika vyote viwili. Na ungepoteza vyote viwili."

Nilimwangukia magotini. Nilimwomba msamaha mpaka sauti ikaniisha, naye ananipapasa kichwa akiniambia nyamaza, nyamaza, chuma ni chuma tu. Bibi kizee asiyeona alikuwa ameiuza sauti ya mwanawe aliyekufa kwa mwanawe aliye hai, ili mimi nibaki na mtoto wangu.

Ndipo nikaikumbuka ile chupa.

Ilikuwa palepale kando ya cherehani, imejaa, kizibo chake cha kupimia kiko juu.

Nilichukua simu nikampigia Ezechiel. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikajiambia hajafika mbali, huenda yuko sokoni anajionyesha, nitamtumia mtu ambebee chupa, nitasema nilisahau. Nilikuwa tayari hata kupiga magoti. Sikuwa tena na chuki naye, nawaapia. Mtu aliyekubali kuniachia mtoto kwa ajili ya machozi ya mama yake si mtu mbaya.

Nikiwa nafunga kitenge nitoke, Mzee Nduwimana akaingia, anatabasamu.

"Mama Kelly, leo umenifurahisha. Nilidhani wewe na shemeji yako hamuongei."

"Kwa nini, Mzee?"

"Si nimemwona Kelly juu ya Dété! Nyuma ya baba yake mudogo. Amemuchukua pale kanisani. Amemuvalisha ile kofia ya marehemu, kubwa, imemumeza uso wote." Alicheka. "Mutoto anafurahi! Amenipungia mukono. Amesema, mwambie mama, baba mudogo ananipeleka Lilongwe kuninunulia viatu vya masomo, tutarudi jioni."

Nikaacha kufunga kitenge.

"Wamesimama kwa yule anauza esansi ya chupa. Amejaza tangi mpaka juu, ikamwagika. Nikasema moyoni, huyu atakuwa amekwisha ambiwa, atakuwa ameweka oili yake..."

Macho yake yalikuwa yamefika mezani.

Aliitazama chupa. Akanitazama mimi. Tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mama Kelly. Hukumwambia?"

"Mzee..."

"Hukumwambia?"

"Alinikataza kuongea."

"Mana yanje, Mungu wangu," akasema Mzee Nduwimana, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye mkeka. "Mbona munanyamaza? Sabine? Kuna nini?"

Nilikwisha toka. Nilikimbia na ile chupa ya oili kifuani, kana kwamba ningeweza kuwamiminia kwa mbali.

Kabaza wa kwanza aliyenipita nilimsimamisha kwa kujitupa mbele yake. Kijana wa Kimalawi, akataka kunitukana, akaniona uso akaacha.

"Barabara ya Lilongwe. Chonde, achimwene, fulumirani!" Tafadhali, kaka, harakisha. Chichewa changu ni cha sokoni, lakini siku ile kilitoka chote.

Tulifika njiapanda ya Dowa, tukakamata lami ya kwenda kusini. Ni majira ya tumbaku, malori yanafuatana kwenda mnadani Kanengo, yamejaa hadi juu, na kila lori linalotupita linatusukuma pembeni kwa upepo wake. Nikamwomba kijana aongeze mwendo. Akaongeza mpaka pikipiki yake ikawa inalia.

Kila tulipopanda kilima nilikuwa naomba. Sikuomba Dété isife. Nilijua itakufa. Niliomba, Baba, ife ikipanda. Ife polepole. Ife mahali amepunguza mwendo kupisha ng'ombe. Kila kona niliwaona wamesimama kando ya barabara, Ezechiel anasukuma na kunilaani, Kelly nyuma yake anamcheka kwa kificho. Kisha kona inaisha, na barabara ni tupu.

Nikapiga simu mgongoni mwa kijana. Haipatikani.

Kabla ya Lumbadzi kuna mteremko mrefu. Mtu yeyote mwenye pikipiki nzuri hufungulia mwendo pale, hata Lwaboshi alikuwa anafungulia, nami nyuma namfinya mbavu. Tulipofika juu yake niliona matawi ya miti yamelazwa barabarani, kama wanavyofanya hapa gari likiharibika. Mbele ya matawi, lori la tumbaku limesimama upande. Mbele ya lori, watu.

Kijana alipunguza mwendo. Nilishuka kabla hajasimama, nikaanguka, nikainuka.

Kwenye lami kulikuwa na mstari mweusi mmoja, mrefu, umenyooka, na mwisho wake umepinda kuingia majanini. Niliufuata kwa macho mpaka kwenye Dété.

Ilikuwa imelala ubavu. Kiti kimechanika, lakini herufi ilikuwapo, nyekundu kama siku Kelly alipoishona. Sijui kwa nini nilishika tairi ya nyuma nikajaribu kuizungusha. Haikuzunguka. Ilikuwa imefungwa kabisa, na injini bado ina joto la kuunguza.

Kofia ilikuwa mbali zaidi, kwenye shamba la mahindi yaliyovunwa, peke yake. Kamba zake zilikuwa wazi huku na huku. Kifungo nilichosema baadaye.

"Mwanangu yuko wapi?" nilipiga kelele kwa Kiswahili. Wote wakanitazama. Nikatafuta Chichewa, kikanikimbia. Nikaonyesha kwa mkono urefu wa Kelly, begani kwangu.

Mama mmoja mwenye beseni la nyanya akanisogelea. Akanishika mkono, kwa upole mno, na upole wake ukanitisha kuliko damu.

"Pepani, amayi," akasema. Pole, mama. Akanieleza polepole ili nielewe. Gari dogo lilisimama likawachukua wote wawili, limewakimbiza hospitali Lilongwe. Lori halikuwagonga, dereva alikwepa, aliona tu pikipiki imesimama ghafla na watu wamepaa. Huyu mama mwenyewe alifika wakati mlango wa gari unafungwa.

"Wako hai?"

Akamtazama mwanamume aliyekuwa kando yake, kama anayeomba ruhusa.

"Mmodzi akulankhula," akasema. "Winayo ayi."

Nililielewa kila neno. Mmoja anaongea. Mwingine hapana.

"Yupi?" nikamtikisa. "Mkubwa au mtoto? Yupi anaongea?"

Hakujua. Ameambiwa tu. Nikamgeukia mwanamume, naye akainamisha kichwa, naye ameambiwa tu. Nikawauliza wote waliokuwa pale, mmoja mmoja. Dereva wa lori alikuwa amekaa chini ya gari lake analia, anatikisa kichwa tu.

Kijana wa kabaza akaja akanichukulia chupa ya oili mkononi. Sikujua kwamba bado nimeishika.

Ndipo simu yangu ikalia.

Ilikuwa namba ya Ezechiel.

Niliitazama. Nikajiambia, ni Kelly. Kelly anajua namba ya siri ya kila simu ya ukoo wetu, anafungua yoyote. Amechukua simu ya baba mdogo wake, anataka kuniambia amevunjika mkono tu, nisiogope. Ni Kelly. Niliyasema haya kwa sauti mbele ya watu wote, na yule mama wa nyanya akawa anatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, ingawa hakuelewa neno.

Nikaipokea.

"Alo? Kelly? Mama, sema."

Nilisikia injini ya gari. Nilisikia mtu anavuta pumzi kwa shida. Kisha nikasikia kilio cha mwanamume, kilio ambacho sikukisikia hata siku tulipomzika Lwaboshi.

"Mama Kelly," akasema Ezechiel. "Asubuhi ulitaka kuniambia nini?"